Kiangazi Baba Alipopata Nguvu

4 Januari

Kazini wametugawia shajara za mwaka mpya badala ya nyongeza ya mshahara. Yangu kona moja imebonyea, na nina hakika msimamizi alizichambua kwanza akanitengea hiyo kwa makusudi. Haidhuru. Karatasi ni karatasi.

Nijitambulishe, tusije tukaishi humu kama wapangaji wasiojuana. Mimi ni yule mama anayesimama mlango wa kutokea wa supamaketi. Anashika risiti yako, anachungulia mfuko wako, kisha anagonga muhuri. Hakuna anayenipenda. Nimeshawahi kutoa siagi kwenye soksi ya mtu mzima aliyevaa tai. Baada ya hapo utamwamini nani?

Nyumbani tuko watatu. Kuna baba yangu, fundi samani, mgane, karakana yake iko hapa hapa uani. Kuna binti yangu wa miaka minne ambaye babu yake humwita Bosi, na mtaa mzima umeiga. Na kuna mimi. Baba yake Bosi simwandiki, atachafua karatasi.

9 Januari

Joto. Feni ya sebuleni imekufa.

12 Januari

Baba ana jambo.

Mwaka jana wote alikuwa mtu wa kusinzia. Akipiga randa kidogo, anakaa kwenye benchi na kuutazama ukuta kana kwamba una habari. Chakula alikichokonoa tu. Kabati la mwalimu mmoja lilikaa bila milango mpaka mwalimu akaacha kuja kuuliza. Nilisema ni majonzi ya mama, halafu nikasema ni uzee, halafu nikaacha kusema.

Sasa anaamka kabla yangu. Ananyoa ndevu kila asubuhi. Milango ya kabati imepachikwa, na sufuria anakwangua mpaka chini. Na anapiga mluzi.

"Shikamoo, Baba. Kulikoni?"

"Marahaba. Kulikoni nini?"

"Huo mluzi."

"Mluzi nao unataka risiti?"

Ana mwanamke. Sina shaka hata chembe.

15 Januari

Nimekagua suruali zake kabla ya kuzifua. Misumari, penseli, pipi ya Bosi. Basi huyo mwanamke ni mtu makini sana.

19 Januari

Siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo nimeona mchana wao unavyokwenda. Asubuhi Bosi hushinda kwa jirani yetu Mama Pacha, pamoja na wale mapacha wake wawili wanaofanana hata kwa kulia. Mchana Mama Pacha humrudisha, Baba humlisha, kisha mzee huingia kuoga na kufunga mlango kwa komeo. Amekaa humo muda wa kutosha kuoga watu watatu. Akatoka kifua wazi, taulo kiunoni, akavaa bukta, akajilaza kwenye mkeka barazani penye upepo kidogo. Bosi akampanda, akaweka shavu kwenye bega la babu yake, akalala hapo hapo. Wote wawili wakakoroma.

Niliwaonea wivu. Mimi hata nikiwa mtoto hakuwahi kunibeba hivyo, alikuwa na kazi.

23 Januari

Bosi analalamika miguu inamuuma jioni. Watoto wanaokua ndivyo walivyo. Nimemchua kwa dawa ya Baba ya mgongo, ile iliyo kwenye kopo juu ya rafu ya bafuni tangu enzi za mama. Zamani ukilifungua tu machozi yanakutoka. Sasa haina ukali wala harufu ya maana, inateleza kama uteute halafu inakauka mara moja. Siku hizi kila kitu kinachakachuliwa. Lakini mtoto alitulia akalala, kwa hiyo nimejichua na mimi visigino. Kusimama mlangoni kutwa si mchezo.

27 Januari

Joto. Nimemchua tena. Sasa haendi kulala bila kuchuliwa.

31 Januari

Bosi amemng'ata pacha mmoja mpaka meno yakaacha alama. Mama Pacha kasema kwa upole, "Mama Bosi, mwanao siku hizi ana hasira za dereva wa lori." Nikacheka. Nikiwa njiani nikajiuliza kwa nini alisema kwa upole hivyo.

Na mimi nimetokwa na chunusi. Umri huu! Kidevuni pia nimeona nywele tatu ngumu. Nimebadilisha sabuni.

6 Februari

Bosi amelala, sasa naandika.

Nilikuwa namwogesha Bosi. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikisikia harufu nguoni mwake, nikidhani ni mashati ya Baba yamechanganyika na nguo zake. Leo nimeinua mkono wake nimpake sabuni. Harufu ni yake. Ni jasho la mtu mzima, jasho la mpakia mizigo, na linatoka kwa mtoto ambaye bado anaogopa povu likiingia machoni. Na kwapani mna nywele. Si malaika ya mtoto. Ni nywele nyeusi, za kikubwa.

Akaniuliza, "Mama, umeona mdudu?" Hata sauti yake imekuwa nzito. Nilidhani ni mafua.

Nimeogopa. Sijui niandike nini kingine.

8 Februari

Nimeacha kununua kuku. Nimeacha mayai, nimeacha maziwa ya pakiti. Mwenzangu wa kaunta ya nyama anaapa kuwa kuku wao hawachomwi sindano yoyote. Angeapa vingine? Anauza kuku.

11 Februari

Daktari wa watoto ni mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, inabidi uiname kumsikia. Alipokea majibu ya damu aliyotolewa Bosi juzi, akamtoa mtoto nje na nesi, kisha akafunga mlango. Mlango ulipofungwa nilijua.

"Mama, damu ya mtoto ina homoni ya kiume. Nyingi. Kiwango hiki tunakiona kwa mvulana anayebaleghe."

Nikamwambia mwanangu ni msichana. Kana kwamba hakumwona.

Akaeleza taratibu. Ama kuna kitu ndani ya mwili kinachoitengeneza, labda uvimbe, ama inamwingia kutoka nje. Ikiendelea, mifupa itakomaa upesi, atarefuka haraka kisha atasimama, atabaki mfupi. Na hayo ndiyo madogo.

"Nyumbani kuna mwanamume anayetumia homoni? Wazee wengine huandikiwa, nguvu zikiwa zimepungua sana. Kuna ya kupaka mwilini, kama jeli. Ngozi ikigusana na ngozi, humhamia mtoto."

"Mwanamume ni baba yangu peke yake, daktari. Homoni zake zilistaafu kabla yake."

Hakucheka. "Muulize," akasema.

Jioni nikamfuata Baba karakanani. Alikuwa anakata ubao, penseli sikioni. Nikamuuliza kama kuna dawa yoyote ya homoni anayotumia.

"Nani kasema?"

"Daktari anauliza tu."

"Mwambie mimi natumia msumeno."

Akaendelea kukata, na ubao ukaenda kombo. Baba sijawahi kumwona akikata ubao kombo. Na ile shingo yake niliitambua. Mlangoni naiona kila siku, ni shingo ya mtu anayesema "sina kitu" huku ana kitu.

12 Februari

Nimekagua chumba chake akiwa kwa mteja. Chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya picha ya harusi yao, kwenye mfuko wa koti analovaa msibani tu. Hakuna kitu. Nimeona aibu, lakini si nyingi.

16 Februari

Kuna jambo geni. Baba hambebi tena Bosi. Joto lote hili anavaa shati la mikono mirefu, amelifunga mpaka kifungo cha kooni. Mtoto akimrukia anamshika mikono kwa mbali kama anayepokea sinia, anamweka chini. "Babu amechoka." Amechoka nini, wakati jana amebeba meza ya watu wanane peke yake?

Bosi amelia mpaka akatapika.

20 Februari

Anamwogopa mtoto. Nimeshawaona watu wa hivi, ndugu akipata ugonjwa usioeleweka wanamsalimia kwa dirishani. Sikutegemea kwa baba yangu. Nimempa chakula bila kumwambia karibu, naye amekula bila kuniangalia.

Nimemchua Bosi muda mrefu zaidi leo. Walau mikono yangu haimkimbii.

24 Februari

Homoni imepanda. Haikubaki pale pale, imepanda. Daktari anataka mtoto apigwe picha ya kichwa na ya tumbo, kutafuta uvimbe. Ataingizwa kwenye mashine, na kwa sababu hawezi kutulia, watamlaza kwa dawa ya usingizi. Ni tarehe nne mwezi ujao.

Nikamweleza Baba. Na hapa naandika nilichokiona kwa macho yangu, nisije baadaye nikajiambia nilikosea: alishusha pumzi. Mabega yakamlegea, akafumba macho, akasema, "Imepanda? Una hakika imepanda?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alhamdu," akakatiza. Kisha akaenda barazani, akamwinua Bosi, akamkumbatia kifuani kwa nguvu, mara ya kwanza tangu siku zile.

Mjukuu wake anazidi kuumwa, naye anashukuru! Huyu mtu simjui. Nimeishi naye maisha yangu yote.

26 Februari

Nimegombana na Mama Pacha.

Nilifikiri hivi: nyumbani nimeacha kila kitu. Asubuhi mtoto yuko kwake. Anakula kwake, anakunywa kwake. Mumewe ni mnyanyua vyuma, ana kifua kama friji, na kifua kile hakikujengwa na maharage peke yake. Nikaenda, sikuingia ndani, nikasimama mlangoni nikamuuliza anampa nini mwanangu.

"Nampa nini kivipi?"

"Unajua kivipi. Vile vikopo vya mumeo."

Alikuwa ameshika nguo ya mtoto anaifua. Akaiweka kwenye beseni polepole. "Mama Bosi, nimekulelea mtoto huyu tangu hajui kukaa. Siku yoyote nimekudai hata asante?"

Nikamwambia wezi wengi niliowakamata walikuwa na maneno mazuri. Hilo nililisema. Mapacha walikuwa wanasikia, na majirani wengine pia, maana sauti yangu nayo siku hizi imekuwa ya kuita watu uwanjani.

Akasema, "Chukua mwanao." Akafunga mlango.

27 Februari

Nimeomba ruhusa kazini nikae na Bosi. Msimamizi ananiona mwongo. Angalau huyo namwelewa.

2 Machi

Leo naandika yote.

Jua lilikuwa linazama, sebule bado ina mwanga. Bosi amelala kifudifudi kwenye kochi, mimi nimepiga magoti sakafuni namchua mashavu ya miguu, kopo liko pembeni wazi. Baba akaingia kutafuta futi yake. Akasimama.

"Unampaka nini?"

"Dawa yako ya mgongo. Miguu inamuuma."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Kila jioni. Kwani kuna—"

Sikumaliza. Alinisukuma, Baba ambaye hajawahi kunigusa kwa ubaya, akamnyakua mtoto akakimbia naye bafuni. Nikasikia maji. Nilipofika alikuwa anamsugua miguu kwa sabuni ya kufulia, shati lake limelowa, Bosi anapiga yowe kwamba babu anamchubua. Mzee alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata makaburini.

"Si dawa ya mgongo," akasema. "Si dawa ya mgongo, mwanangu."

Tulimfunga mtoto taulo, tukakaa sakafuni bafuni, na akanieleza huku akitazama vigae. Mwaka jana alipokuwa anasinzia alikwenda kwa daktari bila kuniambia. Akapimwa damu zaidi ya mara moja, akaambiwa homoni yake imeshuka kupita hata umri wake, akaandikiwa jeli ya kupaka mabegani. Inakuja kwenye vipakiti. Daktari alimwambia apake asubuhi, anawe mikono, avae nguo, asimguse mtoto pale alipopaka. Asubuhi mimi niko bafuni. Akawa anapaka mchana baada ya kuoga, na joto hili shati likawa linamshinda. Alidhani ikikauka imeisha. Kopo la dawa ya mgongo lilikuwa tupu, akawa anakamulia vipakiti humo na kuvichoma pamoja na takataka za mbao.

"Kwa nini kwenye kopo, Baba?"

"Kwa sababu yako." Hakusema kwa hasira. "Nikitoka sokoni unakagua mpaka nyanya. Vipakiti vimeandikwa kwa maandishi makubwa. Ningekuambiaje? Kwamba baba yako uanaume wake anaupata kwa kupaka, kama losheni?"

"Nilikuuliza! Nilikuja karakanani nikakuuliza!"

"Uliniuliza. Nikaona aibu. Lakini siku ile ile niliacha kumbeba. Nikasema, kama ni mimi, damu yake itashuka. Uliponiambia imepanda, nikajua si mimi. Nilishukuru, mwanangu. Nilishukuru kwamba si mimi."

Niliinua mikono kumpigia kelele, na vidole vyangu bado vilikuwa vinateleza. Nikavitazama. Chunusi zangu, kidevu changu, sauti yangu. Nilikuwa nimempekua kila mtu, na kila jioni nilikuwa napiga magoti mwenyewe nampaka mwanangu, na siku nilizomhurumia zaidi ndizo nilizompaka zaidi.

Bosi akauliza kama tumemaliza kulia, kwa sababu ana njaa.

3 Machi

Tumekwenda kwa daktari wote watatu. Nilijiandaa kumsemea Baba, akanizuia kwa mkono. Alisema mwenyewe, mbele ya nesi, neno kwa neno, kofia iko magotini. Daktari hakumgombeza. Ameahirisha picha ya kesho mpaka apime damu tena. Kisha akanigeukia, "Na wewe mama, ulikuwa unanawa mikono baada ya kumpaka?" Nikasema nilikuwa najifuta kwenye khanga. Amechukua na damu yangu.

5 Machi

Baba ameacha dawa kabisa. Kopo amelipeleka hospitalini mwenyewe, amelifunga kwa mifuko mitatu.

9 Machi

Nilikwenda kwa Mama Pacha. Taa zilikuwa zinawaka, hakufungua. Mtaa mzima ulisikia nilivyomtukana, na kelele za bafuni pia ulizisikia, kwa hiyo habari anayo.

14 Machi

Baba amekaa kwenye benchi, randa pajani, anautazama ukuta. Nilidhani nitafurahi kumwona akizeeka kihalali. Sikufurahi hata kidogo.

17 Machi

Mvua! Imeanza kwenye bati kama watu wanamwaga mchele, Bosi akatoka mbio akasimama katikati ya uwanja. Sikumzuia. Baba alitoka nje ya karakana, akasimama hatua chache kutoka kwake, mikono mgongoni. Sasa hana kitu ngozini, ameshaoga mara ngapi, lakini hamgusi mpaka niseme. Nikasema. Alinitazama kwanza kuhakikisha.

22 Machi

Damu imeshuka. Daktari alirudia maana nilimwomba arudie. Imeshuka sana, na picha ya mashine haina haja tena. Nywele zitachukua muda, sauti huenda isirudi yote, na mifupa wataiangalia kila baada ya miezi. Sikusikia mengine. Nililia kwenye korido, mlinzi akaniletea kiti.

Nyumbani nikamwambia Baba aende kwa daktari wake akaulizie sindano. Daktari wa Bosi amesema ya sindano haihamii kwa mtu.

"Acha. Niliyoyafanya yanatosha."

"Kabati la mwalimu linataka droo. Na mimi nataka mtu wa kugombana naye, si mtu wa kusinzia. Nenda."

Akafikiri. "Wanachoma makalioni."

"Huko sikagui, Baba."

Amecheka. Kidogo, lakini amecheka.

26 Machi

Kesho narudi kazini na Bosi hana pa kushinda. Baba sindano yake ya kwanza imempa homa, amelala.

27 Machi

Nilimbeba Bosi mpaka kwa Mama Pacha asubuhi, mvua inanyesha, sina mwavuli. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Nikabisha hodi. Nikabisha tena, nikasema kwa sauti, mbele ya mlango uliofungwa, kwamba nilimkosea, kwamba aliyekuwa akimdhuru mwanangu alikuwa mimi, na kwamba akikataa kumpokea sitamlaumu.

Mlango ukafunguka kidogo, upana wa uso. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, bila haraka yoyote, namna ile ninayowatazama wateja. Mapacha walikuwa wanachungulia kwenye sketi yake. Bosi akanyoosha mikono kwake. Mama Pacha naye akanyoosha yake, kisha akaisimamisha hewani.

"Umenawa?"

Nikasema ndiyo.

"Onyesha."

Nikamshusha mwanangu kwenye maji ya mvua, nikamwonyesha mikono yote miwili, mbele na nyuma, nikangoja.